Ukitoa betri, gari husahau: kisa cha Tiida ya baba

Leo sina habari za simu mpya wala za lugha ya programu. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyoliharibu gari la baba yangu kwa spana moja ya namba kumi, na jinsi lilivyotengenezeka kwa kukanyaga pedali huku mtu akihesabu sekunde. Katikati ya kisa hiki pana jambo ambalo kila mwenye gari la miaka hii anafaa kulijua kabla hajagusa betri. Hata kama huna gari, vumilia tu. Utamfaa jirani.

Kwa wageni: mimi ni mtunzi wa programu. Nilisomea sayansi ya tarakilishi, nafanya kazi Nairobi, lakini kwetu ni Likoni, Mombasa. Katika kazi yetu kuna dawa moja inayotangulia dawa zote: zima, ngoja kidogo, washa tena. Tarakilishi ikikwama, zima uwashe. Mtandao ukikatika, zima kile kisanduku uwashe. Dawa hii hufaulu mara nyingi sana, mpaka mtu huacha kujiuliza inafaulu kwa nini. Mimi nilikuwa nimeacha kujiuliza.

Gari lenyewe ni Nissan Tiida ya mwaka 2008, injini ya lita moja na nusu, gia za otomatiki. Lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, kama magari mengi tunayoyaona barabarani. Baba alilinunua mwaka 2015 alipoacha udereva wa malori. Alikuwa ameendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini, na kiinua mgongo chake chote kikaingia kwenye Tiida. Ikawa teksi. Ada yangu ya chuo, kuanzia mwaka wa pili, ilitoka kwenye viti vya gari hilo. Nalitaja hili ili mjue niligusa nini.

Desemba 2022 nilikwenda nyumbani kwa likizo. Jioni ya Alhamisi, tarehe 22, baba akaniambia kwamba siku hizi gari linawaka kwa shida asubuhi. Nikafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ule unga wa kijani na weupe ambao watu wa Pwani tunaujua vizuri. Nikamwambia, "Baba, hili ni jambo dogo. Niachie mimi."

Na kweli lilikuwa dogo. Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya (fuateni utaratibu huo, wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho). Nikasugua kwa maji moto na mswaki mkuukuu, nikakausha kwa kitambaa. Dakika kumi na tano. Ningerudisha nyaya wakati ule ule nikaenda kunywa chai, pengine nisingekuwa na la kuandika leo.

Lakini msomi hakosi la kuongeza. Nikamwambia baba kwamba gari la kisasa lina tarakilishi ndani yake, na tarakilishi ikikaa miaka bila kuzimwa hujaa takataka. "Tuliache bila betri usiku kucha," nikasema, "kesho litaanza upya kama lililotoka kiwandani." Baba alinitazama, akatazama gari. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Akaingia ndani.

Asubuhi saa kumi na moja na nusu nilirudisha nyaya. Baba akawasha. Injini ikashika mara moja, bila ule ulegevu wa zamani, nami nikatabasamu. Kisha ikaanza kutetemeka. Mshale wa mizunguko ukashuka mpaka 500, ukapanda kidogo, ukashuka tena, injini ikazima. Akawasha tena. Ikazima. Mara ya tatu akaiwasha akiwa ameweka mguu kwenye mafuta, ikakaa. Alipoondoa mguu, kimya.

Siku nyingine tungelala tena. Lakini ilikuwa Ijumaa. Kila Jumanne na Ijumaa baba humpeleka jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya nyanya yangu, hospitalini kisiwani kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake hazifanyi kazi. Safari hiyo haiahirishwi. Mtu akikosa zamu yake, maji na sumu hubaki mwilini. Nilipendekeza tutafute teksi nyingine. Baba akapiga simu mbili. Mmoja alikuwa Diani na wa pili hakupokea. Bibi alikuwa tayari ameketi barazani na mkoba wake.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kututembelea?"

Nikaitikia kwamba ndiyo, nimekuja. Sikusema nilichofanya.

Baba aliendesha kwa miguu miwili: wa kushoto kwenye breki, wa kulia ukichezea mafuta ili injini isife kila tuliposimama. Ni jambo la hatari, na sikushauri mtu alijaribu. Yeye alilimudu kwa sababu ya miaka yake. Mpaka tukafika kwenye feri.

Wasiojua Likoni niwaeleze. Gari hushuka mteremko kuelekea majini, kisha hupanda ubao wa chuma wa feri. Pale chini, ubao unapokutana na saruji, lazima ushike breki, umpishe aliye mbele, halafu uongeze mafuta kidogo tu. Kila mtu wa Mombasa anapofika hapo hukumbuka Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri katikati ya kivuko likazama, na mama na binti yake wakafa. Tulipofika pale pale, aliye mbele yetu akasimama ghafla. Baba akashika breki. Injini ikazima.

Injini ikizima, pedali ya breki nayo hubadilika. Nguvu inayousaidia mguu wako hutokana na mvuto wa hewa wa injini. Injini ikifa, hubaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Baba alilijua hilo. Hakuachia pedali hata kidogo. Akavuta breki ya mkono, akaweka gia kwenye N, akawasha, akaipa mafuta, akasubiri. Mabaharia walikuwa wakitupungia mikono kwa hasira. Nyuma, bibi alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshika mkanda wangu kama mtoto.

Tukapanda. Tukavuka. Bibi akafika kwa wakati. Baba hakusema neno mpaka aliposhuka bibi. Ndipo akageuka: "Uliombwa usafishe. Nani alikwambia ufute?"

Sikuwa na jibu. Na swali lile, wasomaji wangu, ndilo swali lenyewe. Nilikuwa nimefuta nini?

Mchana tulimpelekea fundi. Akasikiliza injini kwa muda mfupi, akasema tatizo ni throto, tununue nyingine iliyotumika, shilingi 14,000. Baba akasema atafikiria. Najua kufikiria kwake. Maana yake ni kwamba hana.

Jioni nilijifungia chumbani nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kushika spana: nikasoma. Haya ndiyo niliyoyaelewa, kwa lugha nyepesi.

Injini ya petroli hupumua. Kwa kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa huingia kupitia throto, yaani bomba lenye kijisahani cha chuma kinachofunguka na kufunga. Ukikanyaga mafuta, kwa kweli hukanyagi mafuta, unafungua hewa. Petroli hupimwa baadaye kufuatana na hewa iliyoingia. Zamani pedali ilivuta kijisahani kwa waya. Katika Tiida na magari mengi ya rika lake hakuna waya. Pedali hupeleka habari kwa tarakilishi ya injini (ndiyo mafundi wanaiita ECU), nayo huamuru mota ndogo isogeze kijisahani.

Sasa fikiria gari limesimama, mguu haupo kwenye pedali, injini inaunguruma taratibu. Hali hiyo ndiyo naiita hapa mzunguko wa chini. Wenzetu wa Tanzania utawasikia wakisema gari limekosa sailensa pale linaposhindwa kukaa hivyo. Katika Tiida ni kama mizunguko 700 kwa dakika, karibu 12 kwa sekunde. Ili injini isife, kijisahani lazima kiache upenyo mdogo sana wa hewa. Ukizidi, injini inapiga kelele bure. Ukipungua, injini inakosa pumzi na kuzima.

Hapo ndipo miaka inapoingia. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe, na njiani huacha masizi kwenye kingo za kijisahani. Kila mwezi upenyo huzibika kidogo. Tarakilishi hailalamiki. Inaona mizunguko imeshuka, inafungua zaidi kidogo, na inaandika pembeni: "kwa gari hili, anzia hapa." Mwezi ujao inaandika tena. Hufanya vivyo hivyo na petroli, ikisikiliza sensa ya moshi. Baada ya miaka, tarakilishi ya gari lako inalijua gari lako tu, na masizi yake na uzee wake.

Maandishi hayo ya pembeni yanakaa wapi? Programu yenyewe imechongwa mahali pasipofutika hata ukitoa betri mwaka mzima. Lakini mengi ya yale ambayo gari limejifunza hukaa kwenye memori inayohitaji umeme mdogo saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Betri ndiyo inayoishikilia. Toa betri, na memori hiyo inakuwa tupu.

Kwa hiyo usiku ule sikufuta takataka. Nilifuta ujuzi. Asubuhi tarakilishi iliamka ikitumia hesabu za kiwandani, ikidhani throto ni safi kama mwaka 2008. Ikafungua upenyo unaofaa throto safi. Masizi yakauziba nusu. Injini ikakosa pumzi.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha aibu. Kazini tunalijua jambo hili. Kuna vitu ukivifuta, mfumo hurudi safi. Na kuna vitu ukivifuta, mfumo hurudi mjinga, kwa sababu vilikuwa ni marekebisho ya miaka ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Kwenye mashine za kazini nisingefuta kitu bila kuuliza kina nini. Kwenye gari la baba niliona tu swichi.

Na fundi je? Alikuwa na ukweli nusu. Tatizo lilikuwa kwenye throto, lakini haikuwa imekufa. Ilikuwa chafu, na aliyeuzoea uchafu wake alikuwa amepoteza kumbukumbu.

Jumamosi asubuhi nilianza na masizi. Injini ikiwa baridi na ufunguo umetolewa, nilifungua bomba la hewa, nikachomoa plagi ya umeme ya throto, nikaitoa, nikaifuta kwa kitambaa na dawa ya kupuliza ya kusafishia throto. Tahadhari: kamwe usikisukume kijisahani kwa kidole gari likiwa limewashwa ufunguo. Mota inaweza kukibana, na meno yake ya ndani ni ya plastiki.

Nikarudisha kila kitu. Nikawasha. Mshale ukapanda hadi 1,500 ukakaa hapo hapo, gari likinguruma kama linataka kuondoka bila sisi. Baba akatoka nje na kikombe chake.

"Sasa limekuwa la mashindano?"

Nikamweleza: jana lilikosa hewa, leo lina hewa kupita kiasi. Throto ni safi, lakini kwa kuwa nilichomoa plagi yake, tarakilishi haijui tena kijisahani kikifungwa kabisa kinakuwa wapi. Lazima tulifundishe. Kuna utaratibu wake, na hauhitaji mashine. Unahitaji mguu na saa.

Huu hapa, kwa Nissan yenye throto ya umeme kama yetu. Kwanza masharti: injini iwe imepata moto wa kawaida (maji kati ya nyuzi 70 na 100), betri isiwe dhaifu (zaidi ya volti 12.9 injini ikiwa inaunguruma), gia kwenye P, breki ya mkono juu, usukani umenyooka, kiyoyozi, taa na redio vyote vimezimwa. Fanyia nje, si kwenye gereji iliyofungwa, maana moshi unaua. Kisha:

1. Mguu usiwe kwenye pedali. Washa ufunguo bila kuwasha injini, ngoja sekunde 2. Zima, ngoja sekunde 10. Rudia mara moja tena. Hapo gari limejua pedali iliyoachiwa iko wapi.

2. Washa ufunguo, kisha zima na ungoje sekunde 10. Ukitega sikio utasikia throto ikijisogeza. Hapo limejua kijisahani kilichofungwa kiko wapi.

3. Washa injini ipate moto, izime, ngoja sekunde 10.

4. Mguu nje ya pedali, washa ufunguo bila injini, hesabu sekunde 3.

5. Kanyaga pedali mpaka chini na uiachie kabisa, mara 5, ndani ya sekunde 5.

6. Ngoja sekunde 7. Kisha kanyaga mpaka chini na ushikilie kama sekunde 20. Taa ya injini itaanza kumetameta. Usiachie. Ngoja iache kumetameta na kuwaka moja kwa moja.

7. Ikitulia tu, achia pedali ndani ya sekunde 3 na uwashe injini.

8. Iache iungurume sekunde 20, kisha ipandishe mara mbili tatu uone kama inarudi chini vizuri.

Kwa maandishi ni rahisi. Nilijaribu mara nne. Mara ya kwanza nilikanyaga mara tano kwa sekunde tatu na nusu, bila kuachia kikamilifu. Mara ya pili nilichelewa. Mara ya tatu niliona taa inametameta nikaachia kwa furaha, kumbe mapema. Mara ya nne sijui nilikosea nini. Nilikuwa natokwa na jasho, nikiangalia simu kwa jicho moja na dashibodi kwa jingine. Anayetaka kujua digrii ya sayansi ya tarakilishi inamsaidia nini mtu kwa hali hiyo, jibu ni: haimsaidii.

Baba aliweka kikombe chini. "Toka hapo. Wewe hesabu."

Akakaa. Akavua kandambili. Nikasimama mlangoni na saa ya simu, nikasema, "Ufunguo." Moja, mbili, tatu. "Sasa." Mguu wake ukashuka na kupanda mara tano, kila mara mpaka mwisho, kila mara mpaka juu, kwa mwendo mmoja kama mtu anayepiga ngoma anayoijua. Sekunde tano kamili. Nikahesabu saba. "Shikilia." Akashikilia. Taa ikaanza kumetameta. Nilihisi kidole chake cha mguu kinataka kuachia, nikasema, "Bado, baba, bado." Taa ikatulia. "Achia. Washa."

Injini ikashika. Mshale ukaruka mpaka 1,200, ukashuka 900, ukasita, ukashuka 700. Ukakaa. Baba akaondoa mikono yote miwili kwenye usukani, akaipandisha hewani kama mtu anayeonyesha kwamba hagusi chochote. Injini iliendelea. Nikawasha kiyoyozi: mshale ukatikisika kidogo, ukarudi. Nikawasha taa. Ukarudi.

Tulikaa pale kama dakika kumi bila kusema kitu, tukisikiliza gari lililosimama. Sijawahi kufurahia kelele ndogo kiasi kile.

Sasa ya kwenu. Kila kampuni ina njia yake, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Toyota nyingi hujifunza zenyewe: washa, liache liungurume dakika kadhaa mpaka lipate moto, kwanza bila kiyoyozi kisha nacho, halafu liendeshe kwa upole. Siku mbili tatu za mwanzo linaweza kusuasua, lisikutie hofu. Honda nyingi hutaka uzime kila kitu cha umeme, ushikilie mizunguko 3,000 gari likiwa kwenye P mpaka feni ya rejeta iwake, kisha uondoe mguu na uliache liungurume kama dakika 5 bila kuguswa. Muda ambao feni inazunguka usiuhesabu.

Mambo mengine matatu. La kwanza, usitoe betri ili taa ya injini izime. Taa itazima kweli, lakini utakuwa umefuta ushahidi ambao fundi angeusoma, na ugonjwa uko pale pale. La pili, kama gari lilikuwa linatetemeka hata kabla ya betri kutolewa, kulifundisha upya hakutalitibu. Tafuta plagi chakavu, mpira wa hewa uliopasuka, au koili. La tatu, ukibadilisha betri, usifanye asubuhi ya safari. Fanya siku ambayo huna haraka, na gari likizima, lizimie uani kwako. Redio nyingine pia hudai namba ya siri baada ya betri kutolewa, kwa hivyo itafute kwanza.

Jumanne ya tarehe 27 tulimpeleka bibi tena. Kule chini ya mteremko wa feri, pale pale, tulisimamishwa. Baba akaweka mguu kwenye breki, mmoja tu. Nilitazama mshale. 700. Bibi nyuma alikuwa anasimulia habari za mjukuu wake aliyefaulu mtihani, hakujua kwamba mbele yake watu wawili walikuwa wameacha kupumua. Tukapanda ubao.

Kwenye droo ya dashibodi baba ana daftari la kurasa tisini na sita, lile la shule. Ameandika humo kila badiliko la oili tangu 2015, kila tairi, kila kilomita. Miaka yote nilikuwa naliona kama mambo ya wazee. Siku hiyo tulipokuwa tunasubiri bibi amalize, alinipa daftari na kalamu. "Andika zile hesabu zako," akasema. "Hatua kwa hatua. Wewe utarudi Nairobi."

Nikaandika hatua zote nane, na sekunde zake. Chini yake yeye akaongeza kwa mkono wake: *Usiachie taa ikimetameta. Ngoja itulie.*

Kama unapanga kubadilisha betri wiki hii, nakili hatua za gari lako kwenye karatasi kabla hujashika spana. Na kama nyumbani kuna mtu aliyeliendesha gari hilo kuliko wewe, mwite akae karibu. Wiki ijayo tukijaliwa nitarudi kwenye mambo ya programu.